Kukutana na Rafiki wa Meli Nyingine Siku ya Kupanda Meli ya Kitalii: Mwongozo Kamili kwa Wasafiri wa Arusha na Moshi

Zipo familia Arusha na Moshi zenye kijana anayefanya kazi kwenye meli za kitalii, na wapo pia watu walioweka akiba kwa muda mrefu ili wapande meli hizo wakiwa abiria. Ikitokea kwamba abiria anaanza safari katika bandari ambamo meli ya ndugu au rafiki yake imefunga gati siku hiyo hiyo, wote wawili hufurahi mno, kisha hudhani kwamba kuonana kutakuwa rahisi kwa kuwa meli zote mbili zipo mahali pamoja. Ukweli ni kwamba siku ya kupanda meli ndiyo yenye vizuizi vingi kuliko siku nyingine yoyote ya safari, kwa maana kuna saa ya kuripoti, saa ya kufunga orodha ya abiria, ukaguzi wa usalama, na mafunzo ya dharura ambayo kila abiria lazima ayapitie. Hata hivyo inawezekana kabisa kuonana, kuketi, kula pamoja na kupeana salamu za nyumbani, mradi mambo machache yapangwe kabla ya kutoka nyumbani.

Nitatumia Barcelona, Hispania, kama mfano, kwa sababu ni miongoni mwa bandari kubwa zaidi za meli za kitalii katika Bahari ya Mediterania, na kwa sababu msafiri anayeruka kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA, anaweza kufika huko kwa kubadilisha ndege mara moja, kwa mfano Doha au Amsterdam. Taratibu nyingi nitakazozieleza zinafanana katika bandari nyingine.

Anzeni kwa kukubaliana kwamba mtaonana nchi kavu

Watu wengi huanza kwa kuuliza kama rafiki anaweza kuingia kwenye meli yao, wale chakula cha mchana humo, kisha ashuke. Liondoeni wazo hilo mapema. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001 nchini Marekani, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Baharini, IMO, lilipitisha kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004, na tangu hapo kila anayepanda ngazi ya meli hukaguliwa na sababu ya kuingia kwake hujulikana. Kampuni nyingi za meli za kitalii hazipokei wageni wa abiria hata kidogo siku ya kuondoka. Baadhi ya kampuni humruhusu baharia kumwombea ndugu yake kibali cha kuingia melini, lakini maombi hayo hupelekwa siku kadhaa kabla pamoja na taarifa za pasipoti, na hata yakikubaliwa yanaweza kufutwa siku yenyewe. Kibali kikipatikana, mshukuruni Mungu. Mpango wenyewe uwe wa nchi kavu.

Mjue rafiki yako ana nafasi gani siku hiyo

Hili ndilo swali linaloamua kila kitu, na linapaswa kuulizwa kabla hamjataja saa yoyote.

Rafiki anaweza kuwa abiria anayemaliza safari. Meli yake kwa kawaida hufika alfajiri, mizigo yake mikubwa huwa imewekwa nje ya mlango wa kabini usiku uliotangulia, na abiria hushushwa kwa makundi hadi saa 3 au saa 4 asubuhi. Huyu ndiye rahisi kuliko wote, kwa sababu akishashuka hana wa kumrudisha melini; kinachombana ni saa ya ndege yake na masanduku anayoyavuta, ambayo yafaa yahifadhiwe hotelini au mahali pa kutunzia mizigo mjini. Anaweza pia kuwa abiria anayepanda meli yake siku hiyo hiyo, na hapo nyote wawili mna mwisho wa saa unaofanana. Au awe abiria ambaye meli yake inapita tu bandarini kwa siku moja. Huyo wa mwisho anashuka na kadi yake ya meli na kitambulisho chenye picha, na analazimika kurudi kabla ya saa iliyoandikwa kwenye ngazi, ambayo mara nyingi ni nusu saa hadi saa nzima kabla ya meli kung'oa nanga.

Baharia ni habari nyingine, na hapa naomba wasomaji wawe na subira ya kweli. Siku ambayo sisi abiria tunaiona ya sikukuu, yaani siku ya kushusha watu wa zamani na kupokea wapya, kwake ndiyo siku ya kazi nyingi kuliko zote za wiki. Mhudumu wa vyumba anasafisha kabini zote alizopangiwa katika saa chache, wa mgahawa anahudumia kifungua kinywa cha wanaoshuka na chakula cha mchana cha wanaopanda, na wa mizigo anahangaika na maelfu ya masanduku. Zaidi ya hapo, sehemu ya mabaharia hulazimika kubaki melini hata kama hawana zamu, ili dharura ikitokea pawe na watu wa kutosha, na mara nyingi mazoezi ya dharura ya mabaharia nayo hufanyika meli ikiwa bandarini. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013, unampa baharia haki ya kupumzika angalau saa 10 katika kila saa 24 na haki ya kwenda nchi kavu pale kazi yake inaporuhusu. Lakini mapumziko hayo yanaweza kugawanywa mara mbili, kwa hiyo kile kipande cha mchana anachokupa wewe mara nyingi ni usingizi wake. Anapokuambia ana saa moja na nusu, chukua ni saa moja na nusu kweli, na usimwombe aongeze.

Muulize baharia mambo matatu: je, zamu yake ya siku hiyo inajulikana au itatolewa siku moja kabla, je, anaweza kubadilishana na mwenzake siku ya kubaki melini, na je, ana ruhusa ya kisheria ya kushuka katika nchi hiyo. Katika nchi za Schengen, yaani nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, baharia aliyemo kwenye orodha ya wafanyakazi wa meli anaweza kwa kawaida kushuka bila viza, ila hubaki katika mji wa bandari na miji inayopakana nao. Marekani ni tofauti: Mtanzania asiye na viza ya baharia huzuiwa kushuka, hata awe na wiki nzima ya mapumziko. Ikiwa mmepangana kuonana Miami, hilo ni la kuhakikisha kabla hamjafanya jambo jingine lolote.

Andikeni jina la meli, gati na saa, na andikeni kwa ukamilifu

Meli za kampuni moja hupewa majina yanayofanana sana. MSC Seaside, MSC Seaview na MSC Seashore ni meli tatu tofauti, na mtu akikuandikia "niko MSC" hajakuambia kitu. Chukua jina kamili, tarehe na jina la jengo la abiria. Barcelona, majengo mengi ya meli kubwa yako kwenye gati refu la Adossat na hutajwa kwa herufi, ilhali baadhi ya meli zimekuwa zikitumia gati lililo karibu zaidi na mji, kando ya jengo la World Trade Center. Meli mbili zinaweza kuwa Barcelona siku moja na bado mwendo kati yake ukawa mrefu kwa miguu, hasa juani. Ratiba ya meli hutolewa na mamlaka ya bandari na unaweza kuisoma mtandaoni. Itazame unapolipia safari, kisha itazame tena siku mbili kabla, kwa sababu gati hubadilishwa.

Saa ndiyo inayowapoteza watu wa kwetu, na naisisitiza kwa moyo wote. Sisi tukiambiana "saa nne" tunaelewana tukiwa Kijenge au Majengo, lakini rafiki aliyekaa baharini miaka kadhaa ameshazoea kuhesabu kwa saa za melini, na kwake nne inaweza kuwa 4:00 au 16:00. Andikeni kila saa kwa namna mbili: "saa 5 asubuhi, 11:00." Tena semeni ni saa ya wapi. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba, Hispania iko nyuma ya Tanzania kwa saa moja. Miezi mingine iko nyuma kwa saa mbili. Aidha meli ina saa yake yenyewe, ambayo nahodha anaweza asiibadilishe kufuata kila bandari. Rafiki anayetoka bandari nyingine na aulize mapokezi ya meli yake kama saa ya melini na ya mjini ni moja, kwa kuwa simu hujibadilisha yenyewe ilhali saa ya ngazini haibadiliki.

Kisha hesabuni kurudi nyuma. Tuseme meli yako inaondoka saa 12 jioni, 18:00. Kampuni nyingi hufunga mapokezi ya abiria wapya dakika 60 hadi 90 kabla ya kuondoka, kwa hiyo chukua 16:30 kuwa mlango wa mwisho. Toa saa nzima ya foleni na ukaguzi, toa nusu saa ya kutoka mjini hadi gatini, na utabaki na 15:00. Mimi ningetoa nusu saa nyingine kwa ajili ya daraja la Porta d'Europa, linaloliunganisha gati la Adossat na mji, ambalo hufunguliwa kupisha vyombo na kusimamisha magari. Hiyo 14:30 ndiyo saa yako ya kuaga. Mwambie rafiki saa ya kuaga kabla ya kumwambia saa ya kukutana.

Ujumbe mzuri unaweza kuwa hivi:

"Shikamoo dada. Meli yangu iko gati la Adossat, jengo C. Nitakabidhi mizigo saa 5 asubuhi, 11:00 ya Barcelona. Saa 6 na nusu mchana, 12:30, nitakuwa chini ya mnara wa Columbus, upande unaotazama La Rambla, nimevaa kitenge cha njano. Nitakusubiri hadi 13:15. Saa 8 na nusu, 14:30, naondoka kurudi melini hata kama maneno hayajaisha. Usiponiona usihangaike kupiga simu, tutaandikiana usiku."

Naye ajibu kwa kurudia saa na mahali kwa maneno yake mwenyewe: "Marahaba mdogo wangu. Nimeelewa, 12:30 mnarani, na mimi mwisho wangu ngazini ni 14:45 saa ya melini." Akijibu "poa" tu, mwombe aandike tena.

Hati za safari

Msafiri wa pasipoti ya Tanzania anahitaji viza ya Schengen kwa safari ya kuanzia Barcelona, na maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 hadi siku 15 kabla ya safari. Usisubiri siku 15. Mtu wa Moshi au Arusha anapaswa kupanga safari ya Dar es Salaam kwa ajili ya shughuli hiyo, kuandaa bima ya safari isiyopungua euro 30,000, na kuambatanisha ratiba yote ya meli. Soma ratiba hiyo bandari kwa bandari. Ikiwa meli inatoka nje ya eneo la Schengen katikati ya safari, kwa mfano kwenda Tunisia au Morocco, kisha inarudi, viza ya kuingia mara moja haitoshi. Utahitaji ya kuingia mara nyingi, na wapokeaji wa abiria gatini watakukatalia kupanda wasipoiona.

Fika mjini angalau siku moja kabla. Ndege ikichelewa, meli haikusubiri, na kwa habari ya rafiki kuna faida ya pili: huenda meli yake ikawa imefika jana yake, au akawa abiria aliyelala hotelini kama wewe. Mkipata jioni hiyo, itumieni. Jioni moja ya siku ya kabla ina thamani kuliko saa mbili za kuangalia saa mchana wa kupanda meli.

Zawadi na mizigo ya watu

Habari ikienea kwamba unakwenda kuonana na mtoto wa fulani, mizigo itakuja. Mama atataka kutuma ndizi mshare, shangazi maziwa mgando, na jirani atakuletea kifuko kilichoshonwa. Upendo huo ni wa kuheshimiwa, lakini wewe ndiye utakayeulizwa uwanjani kama mizigo uliifunga mwenyewe. Usipokee kitu ambacho hukukiona ndani. Kifungue mbele ya mwenyewe, kwa adabu, na ueleze kwamba sheria ndivyo inavyotaka. Unga wa dawa za miti shamba usio na lebo uache kabisa.

Umoja wa Ulaya unakataza msafiri kuingia na nyama au maziwa na vitu vilivyotengenezwa kwavyo kutoka nchi kama yetu, hivyo nyama kavu, samli na maziwa havifiki. Matunda mengi, yakiwemo maembe na maparachichi, yanahitaji cheti cha afya ya mimea. Ndizi, mananasi, nazi na tende zimesamehewa. Pamoja na hayo, ndizi mbichi hazimfai baharia, kwa sababu kabini yake haina jiko na haruhusiwi kupika. Vinavyomfaa ni vile anavyoweza kula akiwa amekaa kitandani baada ya zamu: karanga, korosho, ubuyu, krisps za ndizi zilizofungwa kiwandani. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2, na kwenye ndege iwekwe kwenye sanduku la kukabidhi. Kahawa ya Kilimanjaro iliyokaangwa, kusagwa na kufungwa vizuri haina tatizo, na anaweza kuinywa kwa maji ya moto tu. Mletee pia khanga mpya, na picha za familia zilizochapishwa kwenye karatasi, kwa sababu ukuta wa kabini ya baharia ni mdogo lakini hubandikwa picha.

Siku ya kupanda meli, vyote hivyo, hata asali, viwe kwenye begi la mkononi, siyo kwenye sanduku. Gatini, wapagazi hulichukua sanduku lenye lebo ya kabini na hulioni tena hadi alasiri au jioni mlangoni pako. Mtu akisahau zawadi sandukuni, rafiki ataondoka mikono mitupu. Humo begini weka pia pasipoti, dawa, pesa na chaja.

Mahali pa kuonana

Msikutane ndani ya jengo la abiria, kwa sababu asiye na tiketi ya meli hiyo hapiti ukaguzi, na nje ya mlango wake ni mabasi, teksi na watu waliochoka. Barcelona ina mahali panapofaa sana, nao ni mnara wa Columbus mwishoni mwa barabara ya La Rambla. Unaonekana kwa mbali, basi la bandari linalohudumia majengo ya gati la Adossat huishia karibu nao, kituo cha treni ya chini cha Drassanes kiko jirani, na ng'ambo ya daraja la miguu kuna maduka ya Maremagnum yenye vyoo, viti na vyakula. Taja upande wa mnara, kwa kuwa mtu anaweza kusimama nyuma yake nusu saa bila kukuona. Shika begi lako mbele, kwani La Rambla inajulikana kwa wezi wa mifukoni.

Kwa baharia mwenye muda mfupi, uliza kama bandari ina nyumba ya mabaharia, kama zile za Stella Maris au za Mission to Seafarers, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1856. Nyumba hizo hutoa intaneti na viti bila kumlazimisha mtu kununua, na mara nyingine gari la kuwachukua mabaharia ngazini. Kwa Miami, eneo la maduka la Bayside liko ng'ambo tu ya daraja la bandari.

Siku yenyewe

Fika gatini mapema, mara tu mapokezi ya mizigo yanapofunguliwa, ambayo kwa meli nyingi ni kati ya saa 4 na saa 5 asubuhi. Kabidhi sanduku, hakikisha lebo imeshikamana, kisha amua jambo moja kwa uangalifu: je, unakamilisha usajili kwanza ndipo utoke, au unatoka kabla ya kusajiliwa? Ukikamilisha usajili na kupewa kadi, jina lako tayari liko kwenye orodha, na katika bandari nyingi unaruhusiwa kushuka tena; lakini muulize mhudumu wa kaunta kwa maneno ya wazi, "Nikitoka sasa naweza kurudi, na mwisho ni saa ngapi?" Akisita, usitoke hadi umpate msimamizi. Ikiwa umepangiwa saa ya kuripoti ya mchana, kabidhi mzigo tu na uende mjini, kisha urudi kwa saa yako.

Mkionana, malizeni kwanza yaliyo ya lazima: kabidhianeni zawadi, pigeni picha na pigeni simu nyumbani mkiwa pamoja, maana wazazi wa Moshi wanaisubiri. Ndipo mle. Chagueni mahali ambapo chakula hutoka haraka, na lipeni mara kinapoletwa. Baharia huenda asiwe na pasipoti mfukoni, kwa kuwa mara nyingi hutunzwa na ofisi ya meli, kwa hiyo msipange shughuli inayohitaji pasipoti.

Ukirudi melini, funga data na uweke simu katika hali ya ndege kabla meli haijaondoka, kwa sababu mtandao wa simu wa baharini hutozwa gharama kubwa sana. Hudhuria mafunzo ya dharura bila kukosa. Baada ya ajali ya Costa Concordia ya Januari 2012, kanuni zilibadilishwa ili mafunzo hayo yafanyike kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka.

Asipotokea

Subiri hadi saa mliyokubaliana, kisha ondoka. Baharia anaweza kubadilishiwa zamu akiwa tayari amevaa viatu, na hana namna ya kukuarifu akiwa ndani ya chuma kisichopitisha mtandao. Usimfuate kwenye gati la meli yake, kwa sababu utapoteza muda na mlinzi hawezi kumwita. Usimwachie mtu mwingine mzigo wake pia, isipokuwa baharia mwenzake ambaye yeye mwenyewe amekutajia kwa jina kabla.

Usiku huo, mkishapata mtandao, wekeni ratiba za meli zenu mbili kando kwa kando. Meli nyingi za Mediterania ya magharibi huzunguka bandari zile zile, kama Marseille, Genoa, Civitavecchia, Napoli na Palermo, na si ajabu kukuta siku nyingine ndani ya wiki hiyo ambayo nyote mko bandari moja. Siku hiyo ya pili ni nyepesi zaidi kwako, kwa sababu hutakuwa na sanduku wala usajili, na inawezekana hata kwake ikawa si siku ya kupokea abiria wapya. Mwandikie upya ujumbe ule wa saa na mahali, ukibadilisha jina la bandari, na umwombe aurudie.